Jibu Halitiwi Sukari

— Wewe ndiye Euphrasia?

— Ndiye mimi, mama. Karibu ndani. Shikamoo.

Marahaba haikuja.

Mama yule alisimama mlangoni pa kibanda, kanga moja kiunoni, nyingine begani, viatu vyake vya plastiki vimejaa vumbi la safari. Mikono yake ilikuwa mikono ya jembe. Mkono wa kulia umeshika mfuko mweusi wa plastiki, ameuweka mbali na mwili kama mtu anayekwenda kutupa panya.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko, Nyasubi imeamka yote. Kibandani kulikuwa na watu: Mzee Shaaban muuza vitenge na kikombe chake cha kahawa chungu, vijana wawili wa bodaboda, na Nelly, shoga wa Euphrasia, anayepika chapati kwenye jiko la pembeni. Euphrasia alijaribu Kisukuma kidogo alichonacho.

— Mwangaluka, mama.

— Usiniamkie. Sikuja kuamkiana. Nimetoka Didia na basi la alfajiri, nimekuja kukurudishia kitu chako.

Akaukung'uta ule mfuko juu ya meza bila kugusa kilichomo. Likaanguka furushi dogo la ganda kavu la mgomba, limefungwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Vitu vyeusi, vigumu, vya ukubwa wa harage, vikachomoka vikabingirika mpaka kwenye sahani ya kashata ya Mzee Shaaban.

Euphrasia akaiona ile kamba. Ni yeye aliyeisokota. Akashika ukingo wa meza.

— Nimelitoa kwenye begi la mwanangu, mama akasema, sasa akiwaambia watu wote. Chini kabisa ya begi. Limeviringishwa kwenye shati lake la kanisani, na usingizini analitaja jina lako! Masalu. Unamjua Masalu?

— Namjua.

— Anamjua! Mmesikia? Basi na dawa hii anaijua.

Neno hilo, katika nchi yetu hii, halitamkwi hovyo mbele ya watu. Limewahi kuhamisha mtu kijiji. Kijana mmoja wa bodaboda aliinama akachungulia ndani ya kikombe chake, kisha akakisukuma kando taratibu. Mwenzake hakukisukuma, lakini hakukiinua tena. Nelly akaacha kusukuma chapati.

— Mama, Euphrasia akasema, hiyo si dawa. Ni kahawa.

— Kahawa! Mama Masalu akacheka bila furaha. Kahawa naijua. Ni unga, inakaa kwenye kopo. Hivi ni vinyesi vya mnyama gani sijui, vimekaushwa!

— Ni kahawa, mama. Nakuapia.

— Usiape. Mungu hajakuita shahidi.

Kumjua Euphrasia ni kuijua kahawa yake. Alitoka Muleba, kwa wenye kahawa, akaja Kahama akiwa binti baada ya wazazi kumfia, akafungua kibanda hapo Nyasubi. Watu wakamwita Mama Kahawa. Wenzake waliitwa kwa majina ya watoto wao, yeye akaitwa kwa birika lake, naye akalikubali jina maana hakuwa na lingine la kuwapa.

Alikaanga buni mwenyewe kwenye chungu, akatwanga mwenyewe kwenye kinu. Na kila mteja alikuwa na yake. Mzee Shaaban alitaka chungu, tangawizi iliyopondwa na kashata pembeni, na ukimtilia iliki anakirudisha kikombe akisema hajaja kunusa manukato. Vijana wa boda walitaka sukari. Nelly, aibu kubwa, alipenda ya paketi, ile ya kukoroga tu, na Euphrasia alikuwa akimwambia, "Shoga, siku ya mwisho utaulizwa." Mwenyewe alikunywa nyeusi tupu. Hata tangawizi alisema ni ya wenye mafua.

Halafu akaja Masalu.

Masalu alikuwa fundi wa karasha, ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu. Mara ya kwanza aliingia nywele nyeupe kwa vumbi la mawe, kama mzee, kumbe kijana tu, mpole, mwenye sauti kubwa kwa kuzoea kupigana na kelele.

— Dada, nipe kahawa. Maziwa mengi, kahawa kidogo, na sukari ya kutosha.

— Ya kutosha ndiyo ipi?

— Mpaka kijiko kisimame.

— Kaka yangu, hiyo si kahawa. Hayo ni maziwa yaliyochunguliwa na kahawa.

— Basi nipe hayohayo yaliyochunguliwa. Mimi nimekulia nyuma ya ng'ombe. Kwetu kitu cheusi ni sufuria peke yake.

Watu walicheka, naye Euphrasia akacheka. Siku hiyo hakuwa na maziwa. Kesho yake alikuwa nayo. Nelly aliyaona yale maziwa yanachemka, akauliza ya nani, akajibiwa ni ya biashara. Biashara ilikuwa na mteja mmoja.

Wakazoeana hivyo, kikombe kwa kikombe. Yeye anamsema kwa maziwa yake, Masalu anamsema kwa uchungu wake.

— Eufra, hivi unakunywaje kitu kama hicho? Umekosewa na nani?

— Na wewe unakunywaje uji wa mtoto? Hujaachishwa ziwa?

— Mimi uchungu siuwezi, bwana. Mtu akinipa kitu kichungu najua hanipendi.

Neno hilo alilisema akicheka. Euphrasia naye akalisikia akicheka, likapita. Laiti angelishika.

Kisha kazi ikahamia Nyarugusu, huko Geita. Siku ya kuaga, Masalu alikunywa kikombe chake akamaliza, akakaa nacho mkononi.

— Eufra, nikituma wazee kwenu Muleba, watapewa kiti, au watarudi wamesimama?

Sasa hapo ndipo palipo na jambo. Euphrasia alilelewa na bibi yake, na bibi alimfundisha kwamba mwanamke mwenye heshima halitoi neno hilo kwa kinywa chake. Kinywa kikilitoa, linakuwa jepesi. Alimtazama Masalu, maneno yakamjaa kifuani mpaka yakamwuma, asitoe hata moja. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na furushi.

— Jibu langu hili. Ukifika, fungua.

Ilikuwa kahawa ya kutafuna. Kwao ndiyo kitu cha kwanza mgeni anachopewa, kabla ya maji, kabla ya chakula, maana yake umepokewa, nyumba ni yako. Na bibi alikuwa akisema, tunda la kahawa ni ganda moja lenye punje mbili zilizolala zimetazamana, basi ukimpa mtu hilo umemwambia yote.

Masalu alipofika Nyarugusu alituma ujumbe: "Nimefungua. Jibu lako nimelipata na nimelielewa. Asante kwa kunipa ukweli. Mungu akutunze."

Euphrasia aliusoma akiwa anatwanga. Alikaa chini kwenye kinu. Akajibu kwa neno moja tu, maana furaha ilimziba: "Amina."

Akampigia kaka yake Muleba, jiandaeni, kuna wageni. Kaka akapika lubisi, pombe ya ndizi, akaikalisha. Wageni hawakuja. Lubisi ikachacha, ikamwagwa, akapika nyingine. Mvua za kwanza zikaja, mpunga ukapandwa, mpunga ukavunwa. Kaka akaacha kuuliza.

Hakumpigia Masalu. Ampigie amwambie nini? Mtu umempa moyo wako, akakuandikia kwamba ameupokea, kisha akanyamaza. Mwenye kunyamaza amekwisha kusema. Kanisani alimwombea jina lake likiwa la mwisho, baada ya marehemu wote. Lakini maziwa hakuacha kununua. Kila asubuhi aliyachemsha, yakakaa pembeni ya jiko na utando juu, na kila anaposikia mwanamume mwenye sauti kubwa huko nje, mkono ulikwenda kwenye sufuria wenyewe. Jioni akifunga, aliyatia kwenye kahawa yake akanywa. Yeye, aliyekuwa akisema maziwa huua kahawa.

— Haya, Mama Masalu akasema pale kibandani. Mwulize huyu baba mtu mzima, hii ni kahawa?

Wote wakamgeukia Mzee Shaaban. Mzee akaokota kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akakinusa.

— Binti yangu, akasema kwa upole, mimi nakunywa kahawa tangu sijaota ndevu. Buni naijua mbichi na iliyokaangwa. Hii, nisiseme uongo, sijaiona.

Hapo Euphrasia alibaki peke yake.

— Ni ile inayochumwa ikiwa bado kijani, akasema. Inachemshwa na majani yenye harufu, inaanikwa na ganda lake. Haisagwi. Inatafunwa.

— Mnatafuna kahawa? Kijana wa boda akashangaa. Ndiyo maana Wahaya mnaongea bila kuchoka!

— Nyamaza wewe, Nelly akamkata, kunywa kahawa yako uende.

— Sinywi.

Euphrasia akachukua kimoja mezani, akakitia mdomoni, akatafuna mbele yao wote, akameza.

— Umeona, mama?

— Nimeona nini? Mchawi hafi kwa dawa yake.

Nelly akapiga mkono mezani.

— Mama, angalia! Huyu ni dada wa watu, anasali, hana hata neno na jirani!

— Na mimi nasali! Ningekuwa sisali ningekwenda kwa mganga. Mzee wa kanisa letu ndiye aliyeniambia, usihangaike, mrudishie mwenyewe mchana kweupe, watu wakiona.

Sauti ya mama ikabadilika. Hasira ilikuwa imembeba kutoka Didia mpaka Kahama, sasa ilimtua. Akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

— Mwanangu amekwisha, akasema. Alikuja nyumbani likizo, juzi ndiyo amerudi kazini, na sikumjua. Nimemtafutia binti, wa watu wazuri, mchapakazi, tumempeleka amwone. Amekaa pale kama gogo, ameulizwa hali ya kazi akajibu "Amina"! Watu wakatazamana. Na chakula hali. Mtoto aliyelelewa kwa maziwa, nilikuwa nikimwekea mtungi wake peke yake, sasa hayataki. Anachemsha kahawa nyeusi kama oili chafu ya trekta, hatii sukari, anakaa nayo peke yake zizini kwa ng'ombe. Anakunywa huku amekunja uso, kama mtu aliyelazimishwa. Nikamwuliza, baba, unafanya nini? Ananiambia, "Mama, najifunza." Unajifunza nini? "Najifunza uchungu. Nikiuzoea nitapona."

Chapati ya Nelly ikaanza kuungua, hakuna aliyeigeuza.

— Amesema hivyo? Euphrasia akauliza.

— Ningeyatunga mimi? Sasa niambie, binti. Kama si dawa, ni kitu gani kinachomfanya mtu mzima aache maziwa ya mama yake?

Kitu kilikuwa kinamzunguka Euphrasia kichwani. Atapona? Apone nini? Mtu aliyekuacha anaumwa nini?

— Mama, mpigie, akasema.

— Nani?

— Mpigie Masalu. Hapahapa, watu wasikie. Mwulize nilimpa nini na kwa ajili gani. Akisema ni dawa, nafunga kibanda leo.

— Eufra! Nelly akashtuka.

— Nafunga, Nelly. Mpigie, mama.

Mama Masalu akatoa simu yake ndogo kwenye fundo la kanga. Namba ndogo za simu hakuziona vizuri, Mzee Shaaban akamsaidia, akabonyeza na ile sauti ya nje. Ikaita. Ikapokelewa na ngurumo. Mawe yalikuwa yanapondwa huko, dang'a dang'a dang'a, kama simu yenyewe inapondwa.

— Mama! Shikamoo! Kuna nini?

— Marahaba! Niko Kahama!

— Wapi?

— Kahama! Nyasubi! Kwa mwanamke wako wa dawa! Nimeurudisha ule uchafu uliokuwa kwenye begi lako!

Ngurumo tu. Kisha:

— Mama, ni wewe uliyeuchukua? Nimepekua begi zima, mama! Nimegombana na wenzangu chumbani, nimewaita wezi, kumbe ni wewe!

— Umelogwa, Masalu!

— Sijalogwa! Hiyo ni kahawa, mama. Ni kahawa tu. Huyo dada hana kosa, usimfokee. Nilimwuliza neno, akanijibu, basi. Kunikataa si uchawi.

Euphrasia akainua kichwa.

— Mwambie arudie, akasema.

— Anasema urudie!

— Nani anasema?

Euphrasia akaichukua simu mkononi mwa mama. Hakuomba.

— Nani kakukataa wewe, Masalu?

Karasha liliendelea kuponda.

— Eufra?

— Nimekuuliza, nani kakukataa?

— Wewe, Eufra. Si ulinipa jibu?

— Jibu gani nililokupa?

— Lile furushi. Mimi nilikwambia uchungu siuwezi. Nilikwambia kwa kinywa changu, mtu akinipa kitu kichungu najua hanipendi. Nimefika Nyarugusu, nimefungua, nakuta vitu vyeusi, vikavu. Nikasema labda kuna utamu ndani, nisihukumu. Nikachemsha vichache.

— Ulichemsha?

— Nilichemsha muda mrefu. Nikanywa.

— Masalu! Ile inatafunwa!

— Nani alinambia? Nilikunywa, Eufra, machozi yakanitoka mbele ya watu. Nikajua hapa nimeambiwa.

— Basi si ungetia hata sukari!

— Jibu la mtu halitiwi sukari. Nililinywa kama ulivyonipa.

Mzee Shaaban akavua kofia yake akaiweka gotini. Nelly alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye unga. Kijana wa boda akasema taratibu, "Lahaula," ingawa jina lake ni Luka na kwao ni Wakristo.

— Na ujumbe je? Euphrasia akasema. Uliniandikia umeelewa! Ukanishukuru!

— Nilikushukuru kwa kusema kweli. Wengine humzungusha mtu. Na wewe ukajibu "Amina". Neno moja! Nikasema, eh, huyu kweli kanifunga mlango na komeo akatia.

— Amina ile ilikuwa ya furaha, mjinga wewe! Kaka yangu amepika lubisi amemwaga, amepika amemwaga! Nimekungoja! Nimekungoja mpaka watu wameona haya kuniuliza!

Alikuwa analia sasa, na hakujificha.

Mama Masalu alikuwa ameketi, macho yanatoka kwa huyu kwenda kwenye simu. Kidogo kidogo mkono wake ulikwenda mezani. Akaokota punje moja ya ile aliyokuwa haigusi, akaipangusa kwa kanga.

— Binti, hii inatafunwaje?

— Na ganda lake, mama. Polepole.

Akatia mdomoni. Akatafuna. Uso ukamkunjana, jicho moja likafumba. Watu wote wakamtazama wakingoja ateme. Hakutema. Alitafuna kama watu wa kwao wanavyofanya kila jambo, bila haraka, mpaka mwisho.

— Ni kahawa, akawaambia. Chungu kama kesi ya shamba, lakini ni kahawa.

Kijana wa boda wa kwanza akakivuta kikombe chake taratibu akanywa, anajifanya hakukisukuma yeye. Mama akamgeukia Euphrasia, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama mtu anavyomtazama mtu.

— Binti yangu, umeniacha nikutukane mbele za watu, kumbe neno lenyewe hukulisema kwa kinywa? Huko kwenu hamna vinywa? Mimi marehemu mume wangu aliponiuliza nilimwambia ndiyo, lakini ng'ombe wawe na maziwa. Akacheka mpaka akakaa chini. Tukaishi. Kitu cha moyoni unakifunga kwenye ganda la mgomba, unampa Msukuma?

— Bibi alinifundisha, mama. Mwanamke hatamki.

— Bibi yako alikuwa anaolewa na Muhaya mwenzake.

Hilo hata Mzee Shaaban alilicheka. Kwenye simu Masalu alikuwa anaita.

— Eufra! Uko? Eufra!

— Nipo.

— Mimi si mtu wa mafumbo. Niambie kwa mdomo. Wazee wakienda Muleba, watapewa kiti?

Euphrasia akatazama watu. Kibanda kilikuwa kimejaa, na nje walishaanza kusimama, mama wa nyanya, muuza viatu, wanafunzi wawili. Akasikia sauti ya bibi yake, Mungu amrehemu. Akageukia ukuta, akafunika simu kwa kiganja, akasema kwa kunong'ona.

— Ndiyo.

— Nini?

— Ndiyo, nimesema.

— Sikusikii! Karasha linapiga kelele!

— Ndiyo!

— Eufra, sikusikii! Unasema hapana?

Ooh, hapo basi. Mwanamke aliyekaa msimu mzima na neno kifuani aliona linataka kupotea tena, safari hii kwa sababu ya mashine. Akaondoa kiganja. Akavuta pumzi kama anayepuliza moto wa mkaa mbichi.

— NIMEKUBALI! NIMEKUBALI, MASALU! WATAPEWA KITI! WATAPEWA NA MKEKA! NJOO UNIOE!

Njiwa waliruka kwenye bati. Muuza viatu akaangusha kiatu. Kisha vigelegele, mama wa nyanya ndiye aliyevianza, Nelly akadakia, Nyasubi nzima ikageuka kutazama. Mzee Shaaban akasema Alhamdulillahi, akaomba kikombe kingine, tangawizi nyingi. Mama Masalu akampokonya Euphrasia simu.

— Umesikia, wewe? Hata Didia wamesikia!

Hakukuwa na jibu. Ngurumo ilikuwa imekatika ghafla, kimya kitupu.

— Mtandao, mama akasema, akiitikisa simu. Huu mtandao wa mchana.

Lakini haukuwa mtandao. Kwa mbali kwenye simu walisikia wanaume wanalalamika, nani kazima mashine, mawe yamebaki katikati, fundi yuko wapi. Halafu sauti ya Masalu, karibu sana, ndogo, sauti ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo.

— Mama, mpe simu.

Mama akampa. Euphrasia akaitoa ile sauti ya nje, akaiweka simu sikioni, akatoka nyuma ya kibanda mahali penye magunia ya mkaa.

— Nimezima karasha, Masalu akasema. Sasa nasikia mpaka unavyohema. Sema tena, Eufra. Taratibu.

Akasema. Na mara hii hakuna aliyesikia, ila aliyeambiwa.